Nani Anamtazama Pundamilia?

Nikiwa darasa la nne tuliulizwa kwenye mtihani kwa nini pundamilia ana milia. Nikajibu: ili ajifiche asionwe na simba. Nikapigiwa vema, na habari hiyo sikuifikiria tena kwa miaka kumi na zaidi, mpaka siku nilipoingia porini na mjomba wangu nikiwa nimevaa fulana ya buluu.

Mjomba anarina asali magharibi ya Tabora, ndani kabisa ya miombo, mahali ambapo pikipiki inafika nusu ya njia halafu mnaiacha chini ya mti na kuendelea kwa miguu. Mimi mtoto wa mjini nilitoka na fulana yangu mpya, buluu iliyokolea, na jinzi nyeusi. Hatujaufikia hata mzinga wa kwanza, mbung'o wakanishukia kama vile tuna ahadi. Msomaji, kama hujawahi kuumwa na mbung'o, usimlinganishe na mbu. Mbu anaiba, mbung'o ananyang'anya. Anachoma juu ya nguo, mchana kweupe, na ukimpiga kofi anaruka, anazunguka, anarudi palepale. Mjomba alikuwa hatua mbili mbele yangu na shati la kaki lililopauka. Yeye alikuwa na wawili watatu tu mgongoni. Akageuka, akanitazama toka juu hadi chini, akacheka mpaka akashika mti.

"Mjomba, umekuja umevaa mtego!"

Kumbe ndivyo. Katika mapori yetu mengi utaviona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa kwenye miti au vijiti kama bendera za chama fulani. Vimelowekwa dawa. Buluu inamwita mbung'o kutoka mbali, cheusi kinamfanya atue, dawa inamaliza kazi. Watu walitafuta rangi hizo kwa majaribio ya miaka mingi, mpaka wakaipata ile inayoyaridhisha macho ya mdudu. Mimi nilikuwa nimeinunua kwa hiari yangu, Karume, kwa bei ya mtumba.

Jioni, mbele ya moto, nikataka kulipa kisasi. Nikamwambia mjomba kwamba na sisi wasomi tunajua mambo ya rangi: pundamilia, kwa mfano, ana milia ili simba asimwone. Mjomba akachochea moto kwanza.

"Simba anamla pundamilia mara moja tu," akasema. "Nzi anamla kila siku."

Nilirudi Dar na sentensi hiyo kichwani. Nilipoanza kutafuta, nikakuta kwamba watu wenye majina makubwa walikuwa wamegombana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja, na karibu wote walianza pale nilipoanzia mimi darasa la nne: walimtazama pundamilia kwa macho yao wenyewe.

Charles Darwin aliligusa mwaka 1871, akaona kwamba milia haiwezi kumficha mnyama huyu kwenye mbuga tupu za kusini mwa Afrika. Mwenzake Alfred Russel Wallace, mwaka 1889, akapinga: usimtazame mchana, mtazame wakati wa magharibi au usiku wa mbalamwezi, utaona weusi na weupe vinachanganyika na kuwa kijivu, na mnyama anayeyuka. Hawa wawili ndio waliotupa wazo la mageuko kwa njia ya uteuzi wa asili, yaani kwamba hakuna mnyama anayejichagulia rangi. Wale waliozaliwa na rangi iliyowasaidia hata kidogo tu huishi na kuzaa zaidi ya wenzao, na watoto wao hurithi. Kwa hiyo swali halikuwa la kijinga. Kama milia imebaki vizazi na vizazi, basi lipo jambo inalolifanya. Lakini linamfanyia nani?

Halafu akaja mchoraji. Mimi nilimpenda mtu huyu kabla sijajua alikosea wapi. Abbott Thayer alikuwa msanii wa Kimarekani, na mwaka 1896 aliandika jambo ambalo wanasayansi hawakuwa wameliona vizuri: wanyama wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe kwa sababu jua linatoka juu. Mwanga huangaza mgongo na kutia kivuli tumboni. Rangi inafanya kinyume chake, na umbo linakuwa bapa, halionekani tena kama kitu chenye unene. Ili kuwashawishi wataalamu wa ndege alitumia maumbo ya viazi vitamu yaliyoegemezwa kwenye waya. Yaliyopakwa rangi moja yalionekana vizuri, yaliyopakwa weusi juu na weupe chini yakapotea machoni pa watu waliosimama hatua chache tu. Tazama swala wa kwetu, au samaki yeyote sokoni, utaliona jambo hilo. Ni mchoraji tu angeweza kuligundua, kwa sababu kazi yake kila siku ni kuufanya ubapa uonekane mnene; akaona maumbile yanafanya kazi hiyo kinyume.

Tatizo ni kwamba Thayer hakujua kuacha. Mwaka 1909 kilitoka kitabu kikubwa, kimeandikwa na mwanawe Gerald kwa mawazo ya baba, na humo kila mnyama anajificha. Tausi anajificha kwenye majani ya msitu. Heroe ni wa waridi ili apotee kwenye mawingu ya alfajiri na magharibi. Na pundamilia, bila shaka, anajificha kati ya matete anapokwenda kunywa maji. (Waandishi wenzangu, mnawajua watu wa namna hii. Mtu anaandika shairi moja zuri, halafu yote yanayofuata ni shairi hilohilo.)

Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa. Alikuwa ameacha urais wa Marekani wiki chache tu kabla, na alikuja kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya nchi yake. Alizunguka Afrika mpaka Machi 1910. Alipanda treni, alipanda farasi, aliua wanyama kwa mamia. Na pundamilia aliwaona mchana na jioni, uwandani na penye maji. Alipokisoma kitabu cha Thayer alipandwa na hasira, na mwaka 1911 akachapisha jibu la kurasa zaidi ya mia. Pundamilia, alisema, anaonekana kutoka mbali mno, hajifichi kitu. Anapoogopa hasimami kimya kama swala mdogo kwenye majani. Anakimbia wazi, anapiga kelele, anatembea na kundi zima. Anapofika kwenye maji hakai kwenye matete, maana huko ndiko simba aliko.

Kwa hapo namkubali Roosevelt. Yeye alikuwa amefika, Thayer alikuwa hajafika. Lakini ukisoma vizuri unaona wote wawili wanatumia hoja moja: mimi nikimtazama, namwona au simwoni. Mmoja alitazama kwa jicho la mchoraji, mwingine kwa jicho la mwindaji kwenye shabaha. Hakuna aliyeuliza simba anaona nini, wala hakukuwa na chombo cha kumjibu.

Naomba niweke hapa kisa kimoja cha vita, kwa sababu kilinifungua macho kuliko vitabu vya wanyama. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Mabaharia walifunga matawi juu ya milingoti, na kutoka baharini ukitazama unaona mikoko tu. Kwa macho ya mabaharia wa Kiingereza waliokuwa nje ya mlango wa mto, kazi ile ilikuwa safi kabisa. Lakini Waingereza walileta ndege, na kutoka juu mambo yakawa mengine. Julai 1915, mizinga ikielekezwa na watu waliokuwa angani, meli ile ikaangamizwa. Matawi hayakuwa yamebadilika. Aliyebadilika ni mtazamaji.

Basi turudi kwa mbung'o, maana kuna watu wawili waliopita karibu sana na jibu.

Wa kwanza ni daktari, Geoffrey Hale Carpenter. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliipiga Uganda kwenye mwambao wa Ziwa Victoria. Kati ya 1900 na 1920 ulikufa umati wa watu zaidi ya 200,000. Serikali ya kikoloni iliwaondoa wakazi wa mwambao na wa visiwa vya Ssese, na kabla ya vita ya 1914 Carpenter alipelekwa huko kuwachunguza mbung'o. Fikiria visiwa vizima: migomba imebaki bila wenyewe, njia zimeota majani, na mtu mmoja na wasaidizi wake wanahesabu nzi. Muda wa ziada aliutumia kuwatazama vipepeo. Aliona wapo vipepeo wachungu, ambao ndege akimwonja mmoja hamtaki tena, na wapo wengine wasio na uchungu wowote wanaoiga rangi za wale. Ndicho kinachowalinda: ndege anakumbuka sura. Lakini katika visiwa ambako wale wachungu walikuwa wachache, waigaji walianza kulegea, wakatokea wengi wa katikati, hawafanani na huyu wala yule. Ndege wa huko hakuwa amefundishwa vya kutosha na wale wachungu, kwa hiyo hakuwabagua waigaji wabaya na wazuri. Unaona jambo lenyewe? Rangi ya mabawa ilikuwa inashikiliwa na jicho la ndege. Jicho likilegea, na rangi inalegea.

Wa pili ni Charles Swynnerton. Huyu alikuwa mkulima na mtazama wanyama kusini mwa Afrika, na kati ya 1908 na 1913 alifuga ndege wa aina mbalimbali akawa anawapa wadudu, mmoja baada ya mwingine, na kuandika nani kakataa nini, akiwa ameshiba kiasi gani. Hakuuliza kipepeo anaonekanaje kwake yeye, alimwuliza ndege. Mwaka 1919 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika, na baadaye mkuu wa utafiti wa mbung'o, makao yake Shinyanga. Vichaka vikakatwa, mapori yakachomwa, mitego ya kila umbo ikajaribiwa. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mpaka leo kuna mbung'o wa kaskazini mwa Tanzania mwenye jina lake, na huo ni ukumbusho ambao sijui kama ningeutaka.

Watu wawili hawa walijua nzi, walijua rangi, walijua kwamba rangi ni maneno yanayosemwa kwa jicho fulani. Hata hivyo kipepeo alikuwa upande mmoja wa daftari na mbung'o upande mwingine. Kwao mbung'o alikuwa adui wa kuangamizwa, na mtazamaji alikuwa ndege.

Hapa lazima nimtaje marehemu bibi, mama yake mjomba. Kuanzia miaka ya 1920 watu wengi wa Tabora na Kigoma waliondolewa kwenye vijiji vyao vilivyotawanyika na kukusanywa kwenye makazi makubwa ya malale, ili msitu usafishwe na mbung'o asiwafikie. Bibi alizaliwa katika makazi hayo. Wazazi wake walimwonyesha kwa kidole upande yaliko makaburi ya kwao, basi, hakufika. Sisemi malale haikuwa kweli. Iliua, na waliohamishwa wengi walipona kwa kuhamishwa. Lakini bibi alikuwa na msemo wake: "Mbung'o hakutuhamisha. Walituhamisha watu." Na porini tulikoachiwa wanyama, pundamilia aliendelea kuishi katikati ya nzi walewale, bila dawa wala amri ya serikali. Nilipokuwa nasoma habari za Shinyanga nilikuwa nasikia sauti ya bibi, na nilisoma polepole.

Wazo la mjomba lilikuwa limeshafika kwenye karatasi bila mjomba kujua. Mwaka 1930 mtafiti mmoja aliyeshughulika na mbung'o huko Zululand, R. H. T. P. Harris, alidokeza kwamba mbung'o hamwoni vizuri pundamilia. Likapita. Mwaka 1981 Jeff Waage alitoa majaribio aliyoyafanya Zimbabwe kwa sanamu zilizopakwa nyeusi, nyeupe na za milia. Za milia zilipata nzi wachache. Na wale waliochunguza damu iliyokutwa matumboni mwa mbung'o walikuta ya ngiri kwa wingi na ya nyati na pongo pia, ila ya pundamilia ni adimu mno, hata mahali ambapo pundamilia wamejaa.

Ndipo akaja Tim Caro, aliyefanya kazi miaka mingi Katavi, ambako naamini alizungumza na mbung'o kuliko alivyozungumza na watu. Mwaka 2014 yeye na wenzake waliweka ramani za farasi, punda na pundamilia wote wa dunia juu ya ramani za simba, za fisi, za joto, za misitu na za nzi wanaouma. Milia ilikwenda sambamba na nzi. Si simba, si fisi. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na Amanda Melin ikafanya kile ambacho Thayer na Roosevelt hawakuweza: walichukua picha zilizopigwa Tanzania wakazichuja zionekane kama anavyoziona simba, anavyoziona fisi, na anavyoziona pundamilia mwenyewe. Simba haoni rangi kama sisi, na jicho lake halichambui vitu vidogo vya mbali. Mchana, ukizidi mita 50, milia inamchanganyikia, hawezi kuitenganisha. Magharibi ni mita 30. Usiku usio na mwezi ni kama mita 9, na umbali huo simba ameshamsikia na kumnusa. Uwandani, umbo la pundamilia simba analiona sawa na la mnyama mwingine. Na kweli wanamla, tena sana.

Yaani ile milia tunayoiona sisi kutoka kwenye dirisha la basi Mikumi, ile iliyompa Thayer hoja ya kitabu na Roosevelt hasira za kurasa mia, simba mwenyewe kwa sehemu kubwa haioni.

Jaribio ninalolipenda ni la mwaka 2019, Uingereza. Waliwavalisha farasi nguo: nyeusi, nyeupe, na za milia. Wakasimama kuhesabu pange, wale nzi wakubwa wanaosumbua mifugo. Pange walikuja kwa farasi wote kwa wingi uleule. Kutoka mbali hawakubagua. Lakini hatua ya mwisho, pale nzi anapotakiwa kupunguza mwendo ili atue, kwenye milia walishindwa. Walipitiliza, au walijigonga kama mlevi kwenye mlango, wakaondoka. Na kichwani, ambako farasi hakufunikwa, walitua sawasawa kwenye farasi wote. Mwaka huohuo Wajapani walipaka ng'ombe weusi milia myeupe, na nzi waliotua walipungua karibu nusu.

Kwa hiyo milia haimfichi pundamilia. Inaharibu kutua kwa mdudu. Ngozi yake ina manyoya mafupi ambayo nzi anayapenya kirahisi, na kuumwa kwa mnyama wa jamii ya farasi kuna maana ya damu kupotea na nagana kuingia. Waliozaliwa na milia iliyowavuruga nzi zaidi waliumwa kidogo, wakanenepa, wakazaa. Vizazi vikajipanga hivyo, na ndani ya vizazi hivyo hakuna mwindaji, mchoraji wala mwalimu wa darasa la nne aliyeulizwa maoni.

Nisije nikawa Thayer na mimi: wapo wanaosema bado kwamba milia inasaidia kupoza mwili, na inabishaniwa hasa jicho la nzi linavurugwa vipi, maana umbali wa kutua ni mfupi sana na kasi ni kubwa. Pange wa Uingereza si mbung'o wa Tabora. Mimi nimeegemea upande wa nzi kwa sababu ndio wenye majaribio mengi, na, niseme ukweli, kwa sababu nina alama mgongoni.

Nilimpigia mjomba nikamweleza habari ya farasi waliovalishwa nguo. Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekata.

"Na kichwani je, hawakuwavika?"

Nikamwambia hapana, na kichwani waliumwa kama wengine.

"Basi hao wamefanya vizuri," akasema, kama mtu anayesahihisha daftari. Halafu akauliza shuka la milia ni bei gani, kwa ajili ya punda wake wa kubebea asali. Habari ya kumpaka rangi aliikataa: mvua ikinyesha nani atarudia kupaka?

Nikanunua shuka Kariakoo, nyeusi na nyeupe, milia myembamba, nikalituma kwa basi. Mwezi uliofuata nikauliza punda anaendeleaje. Punda hajalivaa. Mke wa mjomba ameliona kwanza, na sasa limetandikwa kitandani.

"Ila tangu litandikwe," mjomba akaniambia, "humu chumbani hatujaona nzi." Akacheka hadi salio langu likaisha.